Kaza, legeza, kaza tena: beringi za mkono wa nyuma kwenye BMW ya ami

Swali: "Shikamoo fundi. Ami yangu, aliyekuwa baharia, aliniachia BMW R75/5 ya mwaka 1973. Imekaa chini ya mwembe Kisauni miaka mingi. Mwaka jana niliiwasha nikaizungusha kama wiki mbili, lakini kila nikipitwa na lori ilikuwa yayumba nyuma kama jahazi. Sasa nimeifungua yote, naiunda upya, na nimefika kwenye ule mkono wa nyuma, chuma kinachoshika gurudumu likipanda na kushuka. Fundi mmoja wa Changamwe aniambia zile pini mbili za ubavuni nizikaze mpaka zigome. Mwingine wa Majengo asema niziache zilegee kidogo ili mkono upate kupumua. Nimsikize nani? Beringi zilizotoka zafaa kurudi? Halafu nimeona mkono una alama ya kuchomelewa, nahofia ulivunjika ukaungwa. Na rafiki yangu mwenye bodaboda auliza kama na yeye akaze zake vivyo hivyo."

Marahaba, mwanangu. Mungu amrehemu ami yako.

Nianze na hofu yako kuhusu ile alama, maana najua ndiyo iliyokunyima usingizi. Tazama ilipo. Kama ni mshono safi unaozunguka mkono karibu na mwisho wake wa nyuma, mkono wako haukuvunjika. Pikipiki za familia ya /5, zilizounganishwa Spandau, Berlin, kuanzia 1969, zilianza na mkono mfupi. Toleo la mwisho, la 1973, likaongezwa urefu wa milimita 50 ili nyuma itulie na mpanda apate nafasi, na masafa kati ya gurudumu na gurudumu yakatoka milimita 1,385 kufika 1,435. Kiwanda hakikutengeneza mkono mpya. Kilichukua ule ule kikaunga kipande. Hiyo alama basi ni cheti cha kuzaliwa cha pikipiki yako. Lililo muhimu kwako ni moja: mtu akikuuzia mkono mwingine au propela shafti (ile fito inayozunguka ndani ya mkono kupeleka nguvu kwenye gurudumu) iliyotumika, mwulize ni ya fupi au ya ndefu. Hazibadilishani.

Sasa mafundi wako. Usimsikize hata mmoja. Wa Changamwe atakuulia beringi ndani ya miezi michache. Wa Majengo atakurudisha kwenye yale mayumbo ya jahazi. Lakini naelewa kila mmoja alikotoa maneno yake. Wa kwanza amezoea pikipiki ndogo ambazo bolti moja ndefu hupita katikati, nayo kweli hukazwa mpaka mwisho. Wa pili, nadhani, amezoea beringi za magurudumu ya mbele ya magari, ambazo huachiwa nafasi kidogo kwa sababu zazunguka kwa kasi na kupata joto. Mkono wa nyuma wa BMW yako si huku wala si huku.

Ndani ya kila ubavu wa mkono mna beringi ya koni. Rola zake, vile vijiti vya chuma vinavyobiringika, hazikulala sambamba kama za beringi ya kawaida, zimeinama, na zimekaa kati ya koni ya ndani na kikombe cha nje. Ukiisukuma koni ndani ya kikombe, nafasi yapungua. Ukiivuta, yaongezeka. Beringi ya aina hii yakupa uwezo wa kuchagua mwenyewe ibane kiasi gani. Zile pini mbili zilizo kwenye fremu, kushoto na kulia, zina nyuzi. Ukizungusha pini kuingia, yasukuma koni. Na hapa pana jambo ambalo wengi hawalioni: mkono umening'inia kati ya pini mbili, haukushikwa na kitu kingine. Ukikaza pini ya kulia peke yake, beringi zote mbili zabanwa sawasawa, kwa sababu mkono mzima wasukumwa kushoto mpaka ukutane na pini ya pili. Kwa hiyo pini moja ni ya kuweka mkono katikati, na ya pili ni ya kuweka mkazo. Ukishika hilo, kazi yote inakuwa nyepesi.

Kwa nini kukaza mpaka mwisho kunaua? Gurudumu huzunguka, rola zake hutembea duara zima, mzigo wagawanyika. Mkono wa nyuma hauzunguki. Wapanda na kushuka digrii chache tu, maisha yake yote. Rola ile ile yagonga mahali pale pale kila ukipita tuta, na matuta ya Mombasa wayajua mwenyewe. Ukiibana kupita kiasi, mstari mwembamba wa rola wabonyea ndani ya chuma cha kikombe ukaacha vijibonde. Ukiiacha ilegee, matokeo ni yale yale kwa njia nyingine: rola yagonga badala ya kukandamiza, kama nyundo ndogo, na grisi yasukumwa kando isirudi. Juu ya hayo tia chumvi yetu. Pikipiki iliyovuka feri ya Likoni miaka kumi, ikaoshwa kwa mashine ya presha kila Jumamosi, maji yamepita kwenye sili yakakaa. Nimefungua mikono ya nyuma ambayo grisi imegeuka rangi ya chai ya maziwa.

Ndiyo maana swali lako la pili lina jibu fupi. Beringi zilizokaa chini ya mwembe miaka mingi, za pikipiki iliyoyumba, usizirudishe. Kama wataka kujiridhisha, osha kikombe kwa mafuta ya taa, kausha, kisha pitisha ukucha wa kidole polepole kwenye uso wa ndani. Ukucha ukikwama kwenye mistari iliyopangana kama meno ya kitana, umemaliza uchunguzi. Kuna ujanja wa zamani wa kugeuza kikombe robo mzunguko ili rola zikae mahali papya. Nimeufanya, sikatai, kwa mtu aliyekuwa safarini na hana la kufanya. Kwa pikipiki inayoundwa upya ni aibu.

Namba ya beringi yako ni 30203. Jifunze kuisoma, itakusaidia kwenye duka lolote: 3 ya mwanzo ni aina ya koni, 02 ni mfululizo wa ukubwa, na 03 ya mwisho ni tundu la milimita 17. Kuanzia 04 kwenda juu unazidisha kwa 5, lakini 03 ni 17, likariri hivyo hivyo. Kwa nje ni milimita 40, na upana wake ukiwa kamili, koni ndani ya kikombe, ni 13.25. Ukijua hivyo huhitaji kuagiza kifurushi chenye nembo ya BMW kutoka Ulaya. Ni beringi ya kawaida ya viwandani. Ila jihadhari na za bandia. Mimi mwenyewe nilinunua jozi moja zamani, sanduku zuri, maandishi yote yapo, nikazifunga bila kuzipima. Mteja alirudi kabla ya mwaka kwisha na rola zimechubuka. Siku hizi sinunui mpaka niitoe kwenye karatasi pale pale dukani, niizungushe kavu mkononi, niangalie kama maandishi yameandikwa kwenye chuma chenyewe kwa usafi au yamegongwagongwa, na nipime tundu kwa vania, kile kipimo chenye taya. Muuzaji akinuna, naondoka.

Kuitoa ya zamani. Kwa vile umeshafungua yote, nafikiri mkono uko juu ya meza. Kama bado, mpangilio ni huu: stendi ya katikati, mti chini ya injini, gurudumu nje, fimbo ya breki, shokabzoba zote mbili, difu ya nyuma (lile sanduku la gia la gurudumu) baada ya kumwaga oili yake, kisha ule mpira wa kukunjana nyuma ya giaboksi usogezwe ili ufikie bolti nne za propela, vichwa vyake vina pembe 12. Usizifungue kwa spana ya pembe 6 iliyochoka, utalia. Baada ya hapo ndipo vifuniko vya plastiki vya ubavuni, nati za kufungia, na pini zenyewe.

Nati za kufungia ni za milimita 27. Hapo utakwama, kwa sababu tundu la fremu ni jembamba na soketi ya kawaida ya 27 ina ukuta mnene, haiingii. Nunua soketi ya bei nafuu ya 27, mpelekee fundi wa kukereza aipunguze unene kwa nje upande wa mdomo. Kazi ya nusu saa. Wengine hutumia tindo na nyundo kuzungusha nati, na alama zao nazikuta kwenye kila BMW ya zamani iletwayo kwangu. Kuna moja ilikuwa na nati imeliwa mpaka imekuwa mviringo kama sarafu.

Koni zitatoka kwa vidole tu. Vikombe ndivyo vyenye ukaidi, kwa sababu vimekaa kwenye shimo lisilotokea upande wa pili, na nyuma ya kila kikombe kuna kisahani cha bati cha kuzuia grisi isipotelee ndani ya mkono. Kama huna kivutio cha ndani, mwite fundi wa kuchomelea. Apige mstari mmoja mwembamba wa welda kuzunguka uso wa ndani wa kikombe, chuma cha mkono asikiguse. Chuma kilichochomelewa kikipoa husinyaa, na kikombe kinalegea. Mara nyingi hudondoka chenyewe ukiuinamisha mkono, kwa mlio mmoja mdogo unaofurahisha sana. Hakikisha umetoa sili kwanza na umefuta grisi yote, la sivyo utapata moto.

Kurudisha vikombe vipya ni kazi ya joto na baridi. Vitie kwenye friza usiku mzima. Jirani yangu auza samaki, friza yake ndiyo chombo changu cha beringi, na huwa navifunga ndani ya mifuko miwili ili mke wake asilalamike harufu ya grisi, ingawa kwa kweli harufu ya samaki ndiyo iliyozidi. Asubuhi pasha moto shimo la mkono mpaka tone la maji likirushwa liruke na kutoweka, si zaidi ya hapo, rangi yako ni mpya. Tia kwanza kile kisahani cha bati. Kisha kikombe, mdomo mpana utazame nje, kwa sababu koni zaingia kutoka nje zikisukumwa na pini. Nimeona kikombe kilichotiwa kinyume, na aliyekitia alikuwa na umri kama wangu. Gonga sawasawa kwa kutumia kikombe cha zamani kama kigongeo. Kikifika mwisho utausikia mlio wa nyundo umebadilika, kutoka mlio wa mbao kuwa mlio wa jiwe.

Grisi: tumia ile ya mashine za boti. Hapa Mombasa haikosekani, na ndiyo inayostahimili maji ya chumvi kuliko grisi ya kawaida ya gari. Usichanganye grisi mbili. Osha beringi mpya kama ina mafuta mazito ya kuhifadhia, ikauke, kisha weka bonge la grisi kiganjani na ukandamize upande mpana wa koni mpaka uone grisi yachomoza upande mwembamba kati ya rola. Zunguka yote. Sili mpya, midomo yake ipakwe grisi. Na ile pete ndogo ya chuma inayokaa ndani ya sili, usiitupe pamoja na takataka. Safisha kutu yake kwa msasa laini. Ikiwa imechimbika pale mdomo wa sili unapogusa, badilisha, maana sili haitaziba juu ya mashimo.

Sasa ndio tumefika kwenye swali lako lenyewe, na hapa nakuomba usome polepole.

Rudisha mkono kwenye fremu ukiwa mtupu. Namaanisha mtupu: bila shokabzoba, bila gurudumu, bila difu, propela haijafungwa kwenye giaboksi, mpira wa kukunjana haujavalishwa klipu. Zamani, miaka ya 1990, nilikuwa na haraka na mteja alikuwa amesimama mlangoni, nikaweka mkazo wa pini kila kitu kikiwa kimeshafungwa. Vipimo nilifuata. Lakini sikuweza kuhisi chochote, kwa sababu mpira na shokabzoba zilikuwa zashika mkono. Alirudi na mkono umekwama katikati kama bawaba ya mlango wa msikiti uliopakwa rangi. Vipimo vya kitabu ni vya kukufikisha karibu. Kiganja chako ndicho cha kukufikisha.

Kwanza, katikati. Zungusha pini zote mbili kwa vidole mpaka ziguse. Tazama nafasi iliyopo kati ya mkono na fremu, kushoto na kulia. Zatakiwa zilingane. Kupima kwa macho hakutoshi na rula haiingii, kwa hiyo tumia vishina vya biti za drili: tafuta biti inayopita kwa kubana kidogo upande mmoja, ijaribu upande wa pili. Sogeza pini moja ndani, nyingine nje, mpaka biti ile ile ipite sawa pande zote. Usione ni urembo. Mkono ukikaa upande, gurudumu la nyuma halifuatani na la mbele, na propela yainama pasipotakiwa. Ukipata katikati, fungia pini ya kushoto kwa nati yake, kisha pima tena. Itakuwa imesogea kidogo. Rekebisha.

Sasa ya kulia. Ikaze kwa 20 Nm (nyutonmita, kipimo cha nguvu ya kukazia) huku mwenzako akiuinua na kuushusha mkono mara nyingi. Hiyo ni ya kuzikalisha rola na koni, si kipimo cha mwisho. Kisha ilegeze kabisa. Kisha ikaze tena, safari hii kwa 10 Nm. Hapo ndipo pa kusimama. Kumi ni kidogo sana, mwanangu. Fundi aliyezoea bolti za magurudumu hawezi kuikadiria kwa hisia, atapita bila kujua.

Toki renchi, spana zenye kuonyesha nguvu ya mkazo, za kipimo kidogo hivyo si wengi walio nazo, na kubwa ya matairi ya gari haisomi 10 kwa uaminifu. Dawa iko sokoni Kongowea. Chukua ile mizani ya ndoana ya springi wanayopimia samaki. Tia alenki ya soketi, ile ya pembe sita inayoingia ndani ya kichwa, kwenye pini, funga mpini, weka alama kwenye mpini sentimita 20 kutoka katikati ya pini. Tundika ndoana hapo, vuta ukiwa umeielekeza mizani pembe mraba na mpini. Kilo 10 kwenye mizani ni karibu 20 Nm. Kilo 5 ni karibu 10 Nm. Wakati pini yaanza kusogea polepole na mizani yasoma 5, acha. Nimelinganisha njia hii na toki renchi ya duka la maana, tofauti haikuwa ya kunipa wasiwasi. Ila jaribu mizani kwanza kwa pakiti za unga za kilo 2 mbili, baadhi ya mizani za sokoni zina ukarimu wa ajabu.

Halafu nati ya kufungia ya kulia, na hapa ndipo kazi nzuri huharibika. Nati hiyo hukazwa kwa nguvu kubwa, karibu 100 Nm. Kwa mizani ile ile, mpini wa sentimita 50 na kilo 20. Inapokaza, yavuta pini kwa nje na kumaliza ule uwazi mdogo ulio kwenye nyuzi, na mkazo ulioupima kwa uangalifu wapungua. Mara nyingine pini yazunguka nayo ikaingia ndani, na mkazo waongezeka. Kwa hiyo shikilia pini kwa alenki huku ukikaza nati, na ukimaliza, sahau namba zote. Kilichobaki ni kuhisi.

Simama nyuma ya pikipiki. Shika mwisho wa mkono kwa mikono miwili, sukuma kushoto na kulia kwa nguvu, mtu mwingine aweke kidole gumba pale mkono unapokutana na fremu. Kidole hicho kisisikie kitu. Hata kidogo. Kisha inua mkono mpaka juu, uachie. Ninachokitaka mimi ni ushuke wenyewe, kwa utulivu, bila kudondoka kwa kishindo na bila kusimama njiani. Ukisimama, umebana kupita kiasi. Ukidondoka kama kifuniko cha sanduku, bado. Na uushushe polepole kwa kidole kimoja ukitafuta mahali panapokwaruza. Pakiwepo, kuna uchafu au kikombe hakikukaa vizuri, na hakuna mkazo wa kuliponya hilo. Fungua. Usipopata ulichotaka, legeza nati, ongeza au punguza pini kwa unywele, funga, jaribu tena. Mimi huchukua mara tatu au nne, na nimefanya kazi hii kabla hujazaliwa.

Ukiridhika, ndipo ufunge propela, mpira, difu, shokabzoba na gurudumu. Propela ina oili yake mwenyewe ndani ya mkono, mbali na ya giaboksi na ya difu. Watu huisahau kwa kuwa hawaioni.

Mwambie rafiki yako wa bodaboda asiguse chochote kwa kunisoma mimi. Pikipiki nyingi ndogo hazina beringi za koni kwenye mkono wa nyuma, zina bushi. Bushi hairekebishwi, hupimwa na kubadilishwa. Kama ni ya plastiki au shaba, itoe, itazame kwa mwanga: ikiwa imelika upande mmoja ikawa na umbo la yai, imekwisha, na kukaza bolti zaidi hakutaongeza kitu isipokuwa kupinda fremu. Kama ni ya mpira uliogandishwa kati ya chuma na chuma, kuna jambo moja ambalo mafundi wengi wa kando ya barabara hawalijui. Bolti yake ndefu ikazwe pikipiki ikiwa chini, juu ya matairi yake, ikiwezekana mtu ameketi juu. Mpira ule hauzunguki, hujikunja. Ukikaza wakati mkono unaning'inia hewani, mpira utakuwa umejisokota tangu siku ya kwanza, kila safari, na utapasuka mapema. Kukaza kweli ni mpaka mwisho, hapo fundi wa Changamwe yuko sawa. Na zipo za beringi za sindano, zile rola nyembamba. Nazo hazikazwi, ila nafasi ya ubavuni hupunguzwa kwa washa nyembamba.

Nirudi kwako. Kama baada ya haya yote bado yayumba lori likipita, usirudi kwenye pini. Mkono wa nyuma ni mshukiwa mmoja kati ya kadhaa. Weka stendi ya katikati, shika gurudumu la nyuma juu na chini, litikise: likicheza na mkono haujasogea, ni beringi za gurudumu. Kisha nenda mbele, nyanyua gurudumu la mbele, shika ncha za foko, vuta kwako na usukume. Beringi za kichwa cha fremu nazo kwenye pikipiki yako ni za koni, na somo lake ni ndugu wa hili, ila mkazo wake ni mwepesi zaidi. Na tairi. Tairi ya miaka ya ami yako, hata kama kashata zake ziko kamili, imekauka. Itupe.

Pini zako zina tundu katikati, ni njia ya grisi. Tafuta bomba la grisi lenye ncha ya koni, fungua vifuniko vya plastiki mara mbili kwa mwaka, mara moja kabla ya masika na mara moja kusi likiisha, pampu polepole mpaka uhisi imekataa, usiendelee ukaja kuitoa sili mahali pake. Vifuniko vyenyewe ukikuta vimepotea, kama ilivyo kwa nusu ya zinazoletwa hapa, ziba kwa kizibo cha mpira cha kipimo chake mpaka upate vingine. Tundu wazi upande wa Likoni ni mlango wa maji ya chumvi, na mashine ya presha ya kuoshea hulenga pale pale.